Paiki kaniponyoka mlangoni
Aisee jana nimeaibika mbele ya watu, tulienda kuvua paiki (samaki mmoja mrefu mwenye meno makali) juu ya barafu, ziwa Mille Lacs huku Minnesota, Marekani. Barafu nene kinoma, tumetoboa shimo la inchi 8 kwa drili ya betri, mi nimekaa juu ya ndoo na kifimbo kifupi kama cha kuchezea watoto, mara mshipi ukavutwa huo! Nikavuta kwa nguvu zote kama navuta sangara Mwanza, weee, mshipi ukasuguana na ukingo wa shimo, pa! Ukakatika. Barafu inakata kama wembe jamani.

Mzee ninayefanya naye kazi kacheka mpaka kakohoa. Akasema samaki akikaza usishindane naye, legeza breki ya rili (kile kigurudumu cha kuviringia mshipi) akimbie mpaka achoke, na ncha ya fimbo ielekeze chini shimoni, hata uizamishe majini, mshipi ukae katikati. Vipande vya barafu vinavyoelea vitoe mapema kwa upawa wa matundu. Sasa shughuli ni kugeuza kichwa cha samaki kielekee shimoni, hapo ndo wengi tunalia, maana samaki akija kiubavu haingii. Kichwa kikiingia tu usizubae, vua glavu mshike nyuma ya mashavu, vidole visikaribie mdomo, paiki ana meno si mchezo, ndoana unaitoa kwa plaizi.

Wa pili nikampata, kama sentimita 70 hivi, mkono ganzi mpaka kwapani. Nimemkaanga nikala na ugali, ila ile miiba yake ya herufi Y, mh, nilikula kimyakimya bila kupiga stori.