Sekunde 34 za bibi

Harusi ya dada yangu ilifanyika Ujiji, Desemba 1998. Aliyeirekodi alikuwa kijana wa Mwanga, hapo hapo Kigoma, mwenye kamera ya VHS ya kubeba begani. Wiki mbili baadaye alituletea nakala tatu: moja ya mama, moja ya shangazi wa Tabora, moja ya baba mdogo wa Kasulu. Mkanda mama, ule uliotoka ndani ya kamera, alibaki nao, na tulikuja kusikia kwamba alirekodi juu yake harusi nyingine. Kanda tupu zilikuwa na bei siku zile.

Mama mzaa baba yumo humo kwa sekunde 34. Anatoka mlangoni, anamshika bi harusi kichwani kwa mikono miwili, kamera inamsogelea, midomo yake inamwombea. Sauti haisikiki kwa sababu ngoma imeshika uwanja mzima. Alifariki 2003. Picha za mnato tunazo nne, lakini inayomwonyesha akitembea ni hiyo moja tu.

Mwaka 2021 nilirudi nyumbani kwa likizo ya miezi miwili nikaomba kuuona mkanda aliopewa mama. Mama alikuwa ameufungia kwenye sanduku la nguo, na unyevu wa ziwa ukaufuata humo humo. Kupitia kile kidirisha cha kaseti niliona vidoa vyeupe vya kuvu pembeni mwa mkanda. Fundi mmoja wa Mwanga alinizuia nisiutie kwenye deki hivyo hivyo, maana kuvu huhamia kwenye hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, na kuchafua kila kanda itakayofuata. Tukaupitisha taratibu kwenye kitambaa kilicholowa spiriti, kiganja kwa kiganja, mchana kutwa. Nilipoucheza, harusi ilikuja vizuri mpaka kwa bibi. Hapo mistari myeupe ikamkata uso kama mvua inayonyesha kwa upande.

Nilikuwa nimesoma kuhusu watu wanaookoa diski za leza, zile sahani za sentimita 30 zilizoanza kuuzwa Marekani mwaka 1978. Ukiiona unaweza kudhani ni DVD kubwa, lakini picha yake ni ya analogi: imeandikwa kama wimbi, na doa moja kwenye diski hutoboa shimo kwenye picha. Watu hawa hunasa wimbi lenyewe kutoka kwenye leza, vipimo milioni 40 kwa sekunde, kisha hutafuta diski nyingine za filamu ile ile na kuzinasa vilevile. Diski tatu haziozi mahali pamoja. Kwa kila nukta ya picha, kompyuta huchukua thamani ya katikati kati ya zote. Moja ikisema 40, nyingine 43, na ya tatu, yenye doa, ikasema 235, jibu ni 43, na doa linapotea bila mtu kuchora chochote. Hilo ndilo lililonivuta. Sikutaka kompyuta imbunie bibi yangu uso.

Nilianza kwa kosa. Niliunasa mkanda wa mama kwenye kompyuta mara tano nikachukua thamani ya katikati. Chenga zilipungua kweli, lakini mistari ilibaki pale pale, kwa kuwa jeraha lilikuwa kwenye mkanda wenyewe na kila mara deki ilikuwa inasoma jeraha lile lile. Nilihitaji nakala zilizoumia kwingine.

Ya Kasulu ililetwa na mtoto wa baba mdogo kwa basi, imechakaa kwa kuchezwa kila sikukuu. Ya Tabora shangazi alikataa kumpa mtu. "Njoo mwenyewe, baba, huu siutoi kwa mkono wa msafiri." Nikapanda treni, nikapita Uvinza na Kaliua, nikafika kwake Isevya. Alikuwa ameufunga kwa khanga. Deki iliwahi kuutafuna, na mahali pa kujikunja palionekana kwa macho, ila palikuwa nyuma kidogo ya bibi, kwenye msafara wa magari. Nilirudi nao nimeupakata usiku kucha.

Kazi iliyonitesa kuliko zote ilikuwa kuzilinganisha. Picha ya VHS huyumba. Kila mstari unaounda picha huanza mapema kidogo au kuchelewa kidogo, na ukibandika tatu zinazoyumba kila moja kivyake unapata ukungu mtupu. Nilipitisha ishara ya video kwenye mashine ya zamani ya kurekodi DVD, ambayo hunyoosha mistari kabla haijafika kwenye kompyuta. Kisha ikabidi fremu, zile picha moja moja zinazounda video, zikutane. Diski nyingi za leza zina namba iliyofichwa kwenye kila fremu, lakini mkanda wa harusi hauna kitu kama hicho. Nilikaa siku tatu nikihesabu kwa kufuata mapigo ya ngoma, na kila mara nikajikuta nimepishana. Mwishowe niliona kitu kilichokuwa mbele ya macho yangu muda wote: flashi ya mpiga picha wa mnato. Kila alipopiga, skrini iling'aa kwa fremu moja tu, katika kanda zote tatu. Karibu na bibi alipiga mara sita. Nikapata misumari sita ya kutundikia fremu 850.

Baada ya hapo nikasawazisha mwangaza, kwa kuwa ya Kasulu ilikuwa imefifia, nikaiachia FFmpeg, programu ya kompyuta ya kushughulikia video, ifanye hesabu kwa kichujio chake kiitwacho xmedian. Umeme ulikatika mara mbili. Ulipotulia, matokeo yalitoka alfajiri.

Mama alikaa mkekani, karibu na televisheni. Mara ya kwanza hakusema kitu. Bibi alitoka mlangoni, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi uso wake ulikuwa mzima, mpaka chale ndogo za shavuni.

"Rudisha," mama akasema.

Mara ya tatu midomo yake ikaanza kufuata ya bibi.

"Siku zote nilijua ni Fatiha," akasema. "Siyo. Anawataja wazee." Akayasoma majina mdomoni mwa mkwewe, moja moja, na mimi nikiandika nyuma ya bahasha. Mengine sikuwahi kuyasikia kwetu. Alifika la tano akanyamaza, kwa sababu hapo ukanda mpana wa chenga ulimfunika bibi kuanzia puani hadi kidevuni, kwa fremu 19.

"Na hapa? Hapa hukupasafisha."

Nikamweleza kwamba hapo kanda zote tatu zinasema jambo moja. Kosa lilitokea ndani ya kamera siku ile ile uwanjani, likanakiliwa mara tatu. Thamani ya katikati ya makosa matatu yanayofanana ni kosa hilo hilo.

Tulipatazama tena na tena. Aliinamisha kichwa upande, kana kwamba angeweza kuchungulia nyuma ya zile chenga.

"Mpigie shangazi yako," akasema. "Yeye ndiye binti yake."

Ilikuwa bado hakujapambazuka sawasawa. Shangazi alipokea simu ilipoita mara ya pili, na kabla sijamaliza shikamoo mama alikuwa ameshaichukua mkononi mwangu.