Siku moja maishani mwangu: mitungi, mkondo na mzee wa "mbizi hamsini"

Saa 11 alfajiri. Watu wakisikia naongoza wapiga mbizi husema, "Kumbe unalipwa kuogelea!" Waje saa hizi. Mitungi 24 inanisubiri gizani, kila mmoja mzito kama mtoto wa miaka mitatu. Napima wa kwanza hadi wa mwisho, usome baa 200 (kipimo cha mgandamizo wa hewa, si baa ile ya vinywaji), ndipo naubeba hadi botini.

Saa 1 asubuhi wateja wamejaza fomu, tumeondoka.

Saa 2 na nusu tuko mwambani. Umesimama peke yake katikati ya bahari, kichwa tu kiko nje. Mkondo ukiugonga hugawanyika kushoto na kulia, na mwingine huteremka chini. Samaki hujazana pale unapogonga, maana ndipo chakula kinapoletwa. Sisi tunavizia maji yakisimama, na leo ni bamvua, maji yanajaa na kupwa kwa nguvu: yanasimama kidogo tu.

Hicho kidogo mzee mmoja akakimalizia kwenye ubishi wa mkanda wa risasi (si za bunduki, ni vipande vizito vya kumzamisha mpiga mbizi). Anataka kilo zaidi. Namwambia, "Mzee wangu, utazama kama nanga." Ananijibu, "Kijana, mimi sijaanza leo. Nina mbizi hamsini." Kisha kamera. Kisha miwani inaingiza ukungu. Tulipojitosa, maji yalishaanza kutembea.

Mita 20 chini mgandamizo ni mara tatu ya juu, kwa hiyo kila pumzi inakula hewa mara tatu. Mwenye utulivu haoni shida. Mzee alipigana na mkondo kwa mikono, na dakika ya 14 geji yake ya hewa ilisoma baa 80, wenzake wako 150. Nikampa ishara ya kupanda. Akatikisa kichwa, akanionyesha kundi la mizia, akapiga picha. Nikamwachia mwenzangu wale wengine, nikamshika mzee kamba za begani, nikamvuta nyuma ya mwamba kwenye maji tulivu. Tukapanda polepole. Mita 5 tukasimama dakika 3 ili naitrojeni ya hewa tuliyovuta itoke mwilini taratibu, isigeuke mapovu, na dakika hizo nilizihesabu nikiwa nimemng'ang'ania, risasi zake zikituvuta chini sote wawili.

Botini: "Umenikatiza, hewa nilikuwa nayo." Nikamshikisha geji. Ilisoma 30. Hakuitazama.

Mbizi ya pili, karibu na uso wa maji, ilikwenda vizuri. Sijui ilikuwa saa ngapi.

Kurudi, kushusha, kusuuza kila kitu kwa maji yasiyo na chumvi, maana chumvi haisamehi vali. Vidole vimekunjamana, masikio yanavuma. Mzee akaja kuuliza teksi ya uwanja wa ndege. Anaruka usiku huu. Kwenye fomu aliandika keshokutwa.

"Mzee, ukizamia mara mbili unangoja angalau saa 18 ndipo upande ndege. Mapovu yatakuumiza."

"Kijana," akasema, akifunga begi la kamera, "mimi sijaanza leo."