Kupanda matumbawe ni siku moja, kuyalea ni kazi: uzoefu wangu Wasini

Watu wakisikia nashughulika na matumbawe, huniuliza yanapandwaje. Kupanda ndiyo sehemu nyepesi. Ukifundishwa asubuhi, jioni umeshashika. Kilichonichukua muda mrefu kukiweza ni kuyaweka hai mpaka yajishike yenyewe mwambani.

Niko kisiwa cha Wasini, pwani ya kusini ya Kenya, katika kikundi cha BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia ufuo na uvuvi. Mwamba wetu una historia ya maumivu. Mwaka 1998 El Niño ilipasha moto Bahari ya Hindi, na sehemu nyingi za pwani ya Kenya zikapoteza nusu ya matumbawe hai au zaidi. Ami yangu, mvuvi wa malema (mitego ya samaki), anasema mwaka huo alichungulia majini akaona mwamba kama uliopakwa chokaa. Baadaye ukaota majani, kisha ukaanza kumeguka.

Alichokiona ami ni kupauka. Tumbawe ni mnyama, au tuseme maelfu ya wanyama wadogo wanaoishi pamoja juu ya mifupa ya chokaa wanayoijenga wenyewe. Ndani ya miili yao mnaishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, nao ndio unaowapa sehemu kubwa ya chakula na rangi. Maji yakizidi joto la kawaida la msimu wa kaskazi kwa nyuzi moja tu, na hali hiyo ikadumu wiki kadhaa, tumbawe huutoa ule mwani. Joto likipungua mapema, mwani hurudi. Likikaa, tumbawe hufa njaa.

Kitalu chetu ni fremu za chuma karibu na mwamba, nyingine zimesimamishwa kwenye mchanga, nyingine zinaning'inia majini. Tunakata vipande vya urefu wa kidole kutoka kwa tumbawe mama, hatuzidishi sehemu moja ya kumi ya mwili wake, kisha tunavifunga kwenye vidonge vya saruji. Aina za matawi hukua haraka, sentimita kadhaa kwa mwaka. Yale ya duara makubwa hukua kama sentimita moja.

Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza. Mwani wa kawaida hukua haraka kuliko tumbawe, na ukiachiwa hufunika kila kitu. Nilijifunza kuzamia, jambo ambalo kwetu wanawake hawakulizoea, nikawa nashuka na mswaki kusugua fremu na saruji pande zote za kipande bila kukigusa chenyewe.

Huko chini nilijifunza pia kutofautisha weupe na weupe. Kipande kilichopauka, ukikisogelea sana, bado kina ngozi: utaona vinywa vidogo vimejaa, vya kupenya mwanga kama kioo. Huyo yu hai, muache. Lakini ukiona weupe mkavu, wenye mpaka uliokatika wazi, unaoanzia chini na kupanda juu, tafuta kwenye shina. Mara nyingi utakuta vikonokono vidogo vimejibana, vinakula nyama ya tumbawe usiku. Hivyo navitoa kwa koleo kimoja kimoja. Kabla sijaijua tofauti hiyo, kila weupe nilidhani ni joto.

Hata hivyo mswaki peke yake hautoshi. Wapalizi halisi wa mwamba ni tafi na pono, samaki wanaokula mwani, na hao ndio waliokuwa wakiishia kwenye malema. Nilimwendea ami kwanza.

"Shikamoo ami. Nataka tafi wa pale kwenye kitalu waachwe."

"Marahaba, mwanangu. Na malema yangu yaende wapi?"

Lilikuwa swali la haki, na sikutaka kulijibu kwa maneno matupu. Tulikaa na wazee, tukakubaliana kufunga kipande kidogo tu, si mwamba mzima, na ami mwenyewe ndiye aliyechagua mipaka kwa kuwa anajua mikondo kuliko sote. Tafi waliporudi, kazi yangu ya kusugua ilipungua waziwazi. Ami sasa anaweka malema yake nje kidogo ya mpaka.

Mwaka 2024 joto lilirudi. Mwezi wa Aprili wanasayansi walitangaza kupauka kwa nne kwa dunia nzima. Fremu zetu zinazoning'inia tulizishusha kwenye kina zaidi, na tukaacha kabisa kukata vipande, maana tumbawe lililochoka haliongezewi kidonda. Aina za matawi ndizo zilizoumia kwanza. Niliumia nazo, sisemi uongo. Lakini niliweka alama kwa waya na kibandiko kwenye kila tumbawe lililobaki na rangi huku majirani zake wakipauka.

Hayo yenye alama ndiyo mama zetu sasa. Hayatatuokoa na kila joto lijalo, na hakuna kitalu kinachoweza kuchukua nafasi ya kupunguza moshi unaopasha dunia. Ila nikichagua kati ya kupanda lililokwisha kujaribiwa na lisilojaribiwa, sina haja ya kufikiri mara mbili. Tunapanda kusi likishatulia, ili vipande vipate miezi ya kujishika kabla ya joto la Machi.

Kilichobaki mbele yetu ni nanga, maana huvunja matumbawe. Tumeanza mazungumzo na vijana wa mashua za watalii wafunge kwenye maboya, na wawili wameshakubali kutusaidia kuyaweka.