Scout haistahili sarafu 4

Kila mgeni anayekaa na sisi kucheza Dominion, mchezo ambao kila mtu anajijengea rundo lake kwa kununua karata, hapa Shangani, Mtwara, huvutiwa na karata iitwayo Scout mapema sana. Naelewa kwa nini. Ukiicheza unafunua karata 4 za juu kwenye rundo lako, za ushindi (zinazokupa pointi mwisho wa mchezo) zote unazitia mkononi, zinazobaki unazirudisha juu kwa mpangilio unaoutaka, na bado unabaki na nafasi ya kucheza karata nyingine ya kitendo. Binamu yangu, mwenye boksi lenyewe (Intrigue, moja ya maboksi ya Dominion, toleo la mwanzo la 2009), mpaka leo anainunua kila akishika sarafu 4, na tukianza kubishana majirani wote wanajua.

Mimi nasema tuhesabu.

Umeanza kama kila mtu: Shaba 7, kila moja ya sarafu 1, na Estate 3, karata za ushindi ambazo barazani kwetu tunaziita mashamba. Zamu mbili za kwanza umenunua Scout moja na Fedha moja, una karata 12. Scout imekuja mkononi. Katika zile 11 nyingine mashamba ni 3, kwa hiyo ukifunua 4 utapata kwa wastani shamba moja na kidogo. Linaingia mkononi, na mkononi halinunui kitu! Scout nayo imekalia nafasi moja kati ya karata tano unazoshika kila zamu. Mahali pale pangekuwa na Shaba, ungekuwa na sarafu moja zaidi. Pangekuwa na Fedha, mbili.

Faida yake inakuja zamu inayofuata, maana shamba limeshaondoka njiani na karata nyingine inapata nafasi. Basi umetoa nafasi moja leo ili upate moja kesho, na kwa hilo umelipa 4, wakati Fedha inauzwa 3 na inakupa 2 kila ukiishika.

Lakini kinachoponza watu zaidi ni ule mpangilio. Tazama: umerudisha karata tatu juu ya rundo. Mwisho wa zamu unaokota tano. Zote tatu zinakuja, hata ungezipangaje! Mpangilio una maana pale tu unapokuwa bado na karata ya kukuokotesha nyingine ndani ya zamu hiyohiyo. Bila hiyo, Scout ni kibarua wa ghala la korosho anayepanga magunia vizuri sana lakini habebi hata moja.

Binamu ana hoja moja nzito, nami naikubali. Boksi la Intrigue lina karata za ushindi zinazofanya kazi: Great Hall, Nobles, Harem. Scout ikikuta Harem inakupa sarafu 2 papo hapo. Ikikuta Nobles, unaokota tatu, na hapo ndipo mpangilio unapoanza kulipa. Meza ikiwa na mbili kati ya hizo, Scout moja mwishoni inavumilika. Ila Nobles na Harem ni za sarafu 6 kila moja, na mtu aliyejaza Scout mapema anazifikia akiwa amechelewa.

Mtunzi wa mchezo, Donald X. Vaccarino, aliiondoa kwenye toleo la pili la 2016. Humo kuna Patrol, ya sarafu 5: inafunua nne vilevile, inachukua za ushindi vilevile na kuzipanga zilizobaki, ila kwanza unaokota karata tatu. Nafasi ya kitendo hairudishi, na bado ni karata nzuri. Kwangu hilo linaonyesha shimo lilikuwa wapi. Tatizo la Scout halikuwa kufunua chache. Ilikuwa hailipi nafasi inayokalia.

Kwa kuwa boksi letu ni la zamani, siku hizi tunacheza kwa kanuni yetu: okota karata moja kwanza, ndipo ufunue nne. Bei ileile, 4. Kwa kanuni hiyo nami nainunua, Nobles zikiwa mezani, na binamu sasa ananilalamikia kwamba nazimaliza kabla zamu yake haijafika.