Siku Shangazi Alipozipiga Pasi Nywele Zangu

Kwa muda mrefu nywele zangu zilikataa kuvuka mabega. Si kwamba zilikuwa hazioti. Kila nilipofumua misuko niliziona nywele mpya pale chini, nyeusi, laini, zenye afya. Shida ilikuwa nchani. Nilichokipata mzizini nilikipoteza mwishoni, na mwizi nilimjua: mafundo.

Mwenye nywele za kipilipili ananielewa. Sisemi yale mafundo ya nywele nyingi zilizoshikana, ambayo ukiyatia kondishena na ukawa na subira yanaachia. Nasema yale madogo ya unywele mmoja, unaojizungusha wenyewe, ukapita ndani ya kitanzi chake na kujikaza. Ukiuvuta taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada unasikia kipunje kigumu karibu na ncha. Hakisikii mafuta, hakisikii sindano. Kikishakaa hapo kinaanza kuwanasa majirani. Kitana kikifika kinakwama, ukivuta unywele unakatika palepale, na kipande kinachobaki ncha yake imechanika mara mbili au tatu.

Siku moja nilifumua misokoto niliyokuwa nimekaa nayo kupita kiasi cha kawaida yangu. Nilijifunga taulo nyeupe mabegani na kuanza kuchambua kichwa kwa vidole. Nilipomaliza nililikung'uta taulo na kuangalia kilichodondoka. Unywele uliotoka wenyewe, kwa muda wake, huwa na kinundu cheupe upande wa mzizi. Uliokatika hauna. Nilizichambua nywele zile moja moja, na nyingi zilikuwa vipande vifupi visivyo na kinundu chochote. Moyo uliniuma. Nilikuwa nimezihudumia kwa upendo, nikizilainisha kwa maji, nikizifunga usiku, nikikwepa kila aina ya moto, na bado zilikuwa zinanikatikia mikononi.

Nikampigia simu shangazi yangu, ambaye amekuwa msusi tangu kabla sijazaliwa.

"Njoo nazo zikiwa zimeoshwa," alisema. "Usipake kitu chochote kizito."

Nilipofika nilimwamkia, akaitikia, kisha hata habari za nyumbani hakumaliza kuuliza. Alinisogeza dirishani, akashika kishungi cha kisogoni, akakivuta hadi kikanyooka na kukiangalia kwenye mwanga.

"Mwanangu, hizi nywele huzioni," akasema. "Unazishika tu. Ncha zimejificha ndani ya mikunjo, unakata kwa kubahatisha. Leo tutazipiga pasi ya nywele, tuzione."

Nilisita. Niliacha kuweka dawa nikiwa msichana, na tangu hapo nilikuwa nimeshika kwamba nywele za asili na moto havikai pamoja. Nilimwambia wazi kwamba naogopa kupoteza mikunjo yangu.

"Dawa na moto si ndugu," alinijibu. "Dawa inazibadilisha. Moto wa kiasi unazinyoosha tu, maji yakizigusa zinarudi. Moto wa pupa ndio unaozichoma, na hapa kwangu hakuna pupa."

Baadaye nilisoma nikakuta kauli yake imesimama mahali pake. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, na umbo lake linashikiliwa, pamoja na mengine, na vifungo vya haidrojeni na vya salfa. Vile vya haidrojeni ni dhaifu: maji au joto huviachia, na unywele hukaa kwa umbo ulilokaukia mpaka ulowe tena. Vile vya salfa ni imara, na hivyo ndivyo dawa ya kunyooshea huvivunja. Ndiyo maana nywele zilizotiwa dawa hazirudi, unangoja mpya ziote. Joto la kadiri linashughulika na vile dhaifu. Likipita kiasi, keratini yenyewe inaharibika, na hapo hata ukizamisha kichwa kwenye pipa la maji mikunjo hairudi. Hofu yangu kwa hiyo haikuwa ya bure. Ila nilikuwa nimeielekeza kwenye moto wote, wakati hatari iko kwenye kiwango chake.

Shangazi aliniosha upya kwa shampuu ya kusafisha kweli, akarudia, akasema mafuta yaliyoganda yakikutana na pasi yanakaangika juu ya unywele. Akapaka kondishena nzito, akanifunika kofia ya plastiki, akaniacha. Kisha akaanza kuchambua: vidole kwanza, kitana cha meno mapana baadaye, kutoka nchani kupanda juu, kamwe si kutoka mzizini kushuka. Hakuna alipoharakisha kichwa kizima. Nilikaa pale nikasikia shingo inachoka, yeye akiendelea kunisimulia jinsi walivyokuwa wakichoma nywele ujana wake kwa kitana cha chuma kilichopashwa motoni. Hakikuwa na kipimo cha joto. Walikigusisha kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikibadilika rangi, kitana kinasubiri kipoe. Wengi wanaamini Madam C. J. Walker wa Marekani ndiye aliyekibuni kitana hicho. Hapana, vyuma vya moto vya kutengenezea nywele vilikuwepo Ufaransa tangu karne ya 19, yeye akiwa bado hajaanza biashara yake. Alichofanya mama yule, aliyeishi kati ya 1867 na 1919, ni kuwafikia wanawake weusi na bidhaa za nywele zao wakati ambapo wengi hawakuwajali, na hilo kwangu ni kubwa zaidi ya kubuni kitana.

Kukausha ndiko kulikochukua subira kuliko yote. Shangazi alikamata fungu moja moja, akalivuta likanyooka, akapitisha draya kutoka juu kushuka chini, bila kitana, kwa mkono tu. Alipomaliza alirudi mwanzo, akaingiza vidole hadi kwenye ngozi ya kichwa kutafuta unyevu. Kisogoni aliupata, akakausha tena. Aliniambia nisimruhusu mtu yeyote kunipitishia pasi nywele zikiwa na majimaji, hata kama anasema ana haraka. Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100, na pasi iko juu zaidi ya hapo. Yale yaliyomo ndani ya unywele hugeuka mvuke ghafla na kuacha vipovu humo humo. Unywele wa namna hiyo kwa macho unaonekana mzima, lakini ukiuvuta unakatika.

Akapaka kinga ya joto, kidogo, akaisambaza kwa kitana hadi kila unywele ukapata. Nilisoma kibandiko cha chupa nikaona silikoni zimetajwa mwanzoni. Kazi yake ni kuuzunguka unywele ili joto lisiingie kwa kishindo wala kujikusanya sehemu moja. Haifanyi muujiza. Mtu akipandisha pasi hadi mwisho akitegemea kinga, atalia.

Pasi ya nywele ya shangazi ilikuwa ya kawaida, yenye namba za joto, na ilikuwa na uwezo wa kufika nyuzi 230. Aliiweka 170. Kwa nywele za pembezoni mwa paji la uso, ambazo kwangu ni nyembamba kama za mtoto, aliishusha hadi 150. Aligawa fungu jembamba kiasi kwamba niliona mwanga ukipenya, akatanguliza kitana mzizini, pasi ikakifuata nyuma kwa mwendo mmoja bila kusimama hadi nchani. Mara moja tu. Fungu likabaki na wimbi kidogo, nikamwambia arudie.

"Hapana. Hatutafuti kunyooka kwa picha," alisema. "Tunatafuta ncha."

Ncha tulizipata. Alinitandikia kitambaa cheupe mgongoni na mabegani, akanipa kioo kingine mkononi ili nione nyuma, na hapo ndipo nilipoziona nywele zangu. Kutoka mzizini hadi karibu na mwisho zilikuwa nene, zimeshonana, zinang'aa. Halafu, sentimita chache kabla ya kuisha, zikapungua ghafla, ukaona kitambaa kikichungulia katikati. Pale palikuwa pameandikwa kila kitu. Baadhi ya ncha zilikuwa na mapanda kama ulimi wa nyoka. Nyingine zilikuwa na nukta nyeupe, mahali ambapo unywele umeshasagika na unangoja kuguswa tu ukatike. Na mafundo, Mungu wangu, mafundo yalikuwa yamejipanga karibu kimo kimoja, na chini ya kila fundo mkia mdogo uliochakaa.

Nilimuuliza kwa nini kwenye ncha tu. Alinieleza akiwa anatafuta mkasi. Mafuta ya ngozi ya kichwa yanateremka kwa shida kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo nchani ni pakavu daima. Tena ncha ndiyo sehemu kongwe kuliko zote. Unywele huota takriban sentimita 1.25 kwa mwezi, kwa hiyo ncha ya unywele wa sentimita 30 imeshaishi miaka miwili, imeshasuguana na kila kola na kila mto. Magamba yake ya nje yameinuka, yanakamatana. Na nywele zetu zikikauka zinajikunja sana, urefu mwingi unapotea ndani ya mikunjo, na humo ndimo unywele unapopata nafasi ya kujifunga.

Mkasi wake ni wa nywele peke yake, haukati uzi wala karatasi. Mkasi butu haukati, unatafuna, na kesho ncha inapasuka upya. Kisogoni alitoa kama sentimita nne, pembeni chini ya hapo, utosini kidogo sana. Palipokuwa na fundo au nukta nyeupe alikata juu yake, kwenye sehemu nzima, maana mpasuko ukiachwa unapanda unywele kama uzi wa soksi iliyofumuka. Hakuna mafuta yanayouunganisha. Chupa zinazodai hivyo hugandisha tu ncha kwa muda, ukiosha unarudi pale pale, na nasema haya kwa sababu nawahurumia wanaoendelea kuzinunua.

Niliziangalia nywele zikidondoka kwenye kitambaa cheupe na, kinyume na nilivyodhani, sikusikia hasara. Zile zilikuwa zimeshapotea siku nyingi. Zilichokuwa zinafanya ni kuwavuta na wenzao.

Kipindi kilichofuata nikiwa na nywele zilizonyooka kilinifundisha jambo ambalo sikulitarajia. Mafundo yalikoma. Nywele zikilala sambamba hazina vitanzi vya kujipitisha. Usiku nilizizungushia kichwani na kufunga kitambaa cha satini, asubuhi nazifungua, kitana kinapita mara moja na basi. Sikurudia pasi hata mizizi ilipoanza kujikunja kwa jasho. Kuna rafiki yangu aliyeniona akaniuliza kwa masikitiko kama nimechoka kuwa mimi. Liliniuma swali lile, kwa kuwa najua linatoka wapi: wengi wetu tulikua tukiambiwa nywele zetu ni ngumu, ni chafu, hazifai ofisini wala darasani mpaka zilale. Nalitambua jeraha hilo, ninalo. Lakini kuzinyoosha ili kuzitibu si kuzikana. Anayezipenda nywele hizi anatakiwa kuruhusiwa kuziona zilivyo hadi mwisho wake.

Ilipofika siku ya kuziosha, nilisimama chini ya maji na wasiwasi wote ukanirudia. Kisogoni zilijikunja papo hapo, nikazihisi chini ya viganja zikipanda juu kuelekea kichwani. Utosini hivyo hivyo. Za pembezoni mwa paji la uso zilichelewa. Zilibaki zimelala kama mistari, nikazilowesha tena, nikapaka kondishena, nikazibana kwa vidole, nikasubiri. Niliposuuza zilikuwa zimejikunja, vikunjo vidogo vidogo vile vile vya tangu utotoni.

Kisha nikachukua kitana. Nilianza nchani kama alivyofanya yeye, nikapanda, nikashuka, kikapita hadi mwisho bila kukwama. Nilirudia fungu lile lile kwa kutoamini. Nilipomaliza kichwa kizima nilikusanya nywele zilizotoka, zikajaa kidogo tu kwenye ncha za vidole, ndefu, na nyingi zikiwa na kinundu cheupe.

Nilimpigia shangazi nikiwa bado na taulo kichwani. Kabla sijasema lolote akauliza, "Za mbele zimerudi?" Nikamwambia zimerudi, ila zilichelewa. Akanyamaza kidogo, halafu akasema hizo hazitaguswa na pasi tena, safari nyingine tutazinyoosha kwa draya ya uvuguvugu tu. Kwa zilizobaki, nizisuke mabutu makubwa kila nikiosha, zikauke zikiwa zimevutika, nisiziache zijikunje zitakavyo. Nikamuuliza nije lini tena.

"Endelea kuzipapasa ncha," alisema. "Vidole vyako vitakwambia kabla yangu. Na ukija, uje mapema, ule muda wa kukausha siupunguzi."