Sika ya rasti si sika ya bayati

Anayejifunza udi, ala ya nyuzi ya Kiarabu, kwa programu ya simu ya kupimia sauti hukwama mahali pamoja: sika, ile noti inayokaa kati ya mi flati na mi. Vitabu huiandika mi nusu flati, na simu inamwelekeza kuiweka senti 50 chini ya mi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusu toni). Mwanafunzi anaufuata mshale, kidole kinatua palepale kila siku, na bado anapopiga maqamu, yaani ngazi za noti za muziki wa Kiarabu, bayati yake haina uchungu na rasti yake imelegea. Mkono hauna kosa. Kosa ni kuamini kwamba sika ni noti moja.

Jina lenyewe ni la Kiajemi, lenye maana ya mahali pa tatu, kwa sababu ni noti ya tatu ukianza kuhesabu kwenye do, noti inayoitwa pia rasti. Lakini mahali hapo husogea. Mwanachuoni Al-Farabi, akieleza mahali pa kidole cha kati cha Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa karne ya 8, alitoa uwiano wa 27 kwa 22, ambao ni kama senti 355 juu ya uzi mtupu. Mwanachuoni mwingine, Ibn Sina, akatoa 39 kwa 32, kama senti 343. Kongamano la Muziki wa Kiarabu lilipokutana Cairo mwaka 1932, wajumbe walibishana kama oktava igawanywe kwa robo toni 24 zilizo sawa, na hawakuafikiana. Kwangu mimi robo toni 24 ni hati nzuri ya kuandikia muziki, na si ramani ya vidole.

Sasa tushike udi. Chukua wa Kiarabu, wenye nyuzi za urefu wa sm 61 kutoka ukingo wa shingo hadi daraja, uliotiwa sauti kutoka chini do, fa, la, re, sol, do. Kwenye uzi wa re, mi flati iko sm 3.4 kutoka ukingoni, mi kamili sm 6.7, na fa sm 9.7. Sika ya bayati itafute karibu na sm 4.7, na ya rasti karibu na sm 5.2. Tofauti ni nusu sentimita, chini ya upana wa ncha ya kidole cha shahada. Kwa hiyo hakuna haja ya kuhamisha mkono: kidole kinabaki pale, kinabiringika tu. Kiegemeze kuelekea ukingo wa shingo unapopiga bayati, kielekee daraja unapopiga rasti.

Vipimo hivyo ni pa kuanzia tu. Nyuzi zikiwa juu sana ya shingo, ukizibana zinanyooka na sauti inapanda, hivyo utalazimika kurudi nyuma milimita moja au mbili. Na kabla ya kulaumu sika, angalia jozi: nyuzi mbili za re zikiachana sauti hata kidogo, sika inakuwa na ukungu popote utakapoiweka. Nyuzi zilizochakaa nazo hudanganya kila noti isiyo mtupu.

Mazoezi ya rasti ni haya. Do ipige kwa kidole cha tatu kwenye uzi wa la, re mtupu, sika kwa shahada, fa kwa kidole cha tatu, sol mtupu, la kwa shahada, noti ya si nusu flati karibu na sm 11.2 kwenye uzi wa sol, kisha do mtupu. Ukishuka, noti ya si mara nyingi hugeuka si flati, sm 9.7, na hapo juu inasikika maqamu ya nahawandi. Kwa bayati, tulia kwenye re. Piga re, sika, fa, rudi re, polepole, na uache re ilie chini ya kidole. Bayati hukaa hapo chini muda mrefu kabla ya kupanda; anayekimbilia oktava anaipoteza. Usikilize msomaji wa Qur'ani wa Kimisri anavyofungua kwa bayati, uone anavyokawia katika noti nne tu za mwanzo.

Maqamu ya hijazi haina sika, lakini nayo haitaki piano: mi flati ipandishe kidogo na fa shapu uishushe kidogo, pengo lililo kati yao lipungue.

Kodiani ya kawaida ya taarabu haina sika kabisa. Inaweza nahawandi, ajamu, kurdi na hijazi. Ikiingia bayati inakwaruzana na fidla, na ni afadhali inyamaze au ishike noti nyingine. Misri mafundi huikwangua ili itoe robo toni. Kinanda cha umeme chenye kibonye cha kurekebisha ngazi kina nafuu zaidi. Wengi huweka mi kwenye −50 wakaondoka. Weka −45 kwa rasti, pamoja na noti ya si kwenye −50, na −60 kwa bayati, noti ya si ikiwa flati ya kawaida. Halafu zima kibonye hicho kabla ya wimbo unaofuata, maana mi iliyosahauliwa kwenye −60 inaharibu nahawandi ya la tangu noti ya tano.