Nilivyokunja mabawa ya ndege ya Darth Vader

Ugumu wote wa ndege ya Darth Vader, yule mbaya mwenye kofia nyeusi wa filamu za Star Wars, uko kwenye mabawa. Ndege za kawaida za Dola, utawala anaoutumikia, zile TIE ambazo kila aliyewahi kuona Star Wars anazikumbuka, zina mpira katikati na bamba bapa la pembe sita kila upande. Hizo hata mtoto wa darasa la nne atakutengenezea kwa boksi la viatu. Ya Vader, TIE Advanced x1, imekunjwa. Kila bawa lina vipande vitatu: cha kati kimesimama wima, cha juu na cha chini vimelalia ndani, kana kwamba mtu ameudaka ule mpira kwa viganja viwili. Mkunjo ukipishana kidogo tu, upande mmoja umelala zaidi ya mwingine, watu watakuuliza feni hiyo unauza bei gani.

Mimi ni fundi mabango, karakana yangu ipo Majengo hapa Dodoma. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016 mabango ya ofisi hayaishi, na kila bango linaacha mabaki ya alukobondi, yale mabamba ya kutengenezea mabango, vipande ambavyo huwezi kumuuzia mtu na roho haikuruhusu kuvitupa. Vimeegemea ukuta nyuma ya mlango, vinarundikana.

Aliyenitia kwenye kazi hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada, yupo darasa la sita. Nilimwekea ile filamu ya kwanza, ya mwaka 1977, nikidhani atawapenda mashujaa, akina Luke. Wapi! Yeye na Vader tu. Kwanza sauti. Nilipomwambia kwamba anayesikika humo ndani ya kofia ni James Earl Jones, huyohuyo aliyekuwa sauti ya Mufasa kwenye The Lion King ya 1994, alibisha mpaka nikamchezea zote mbili mfululizo. Halafu ikaja ndege.

"Mjomba, mbona ya kwake siyo kama za wenzake?"

Swali zuri, na jibu lake ndilo lililonifanya niipende hiyo ndege kuliko nyingine zote. TIE ya kawaida imetengenezwa kwa wingi na kwa bei ya chini: haina ngao ya kuikinga, wala haina mtambo wa kuruka umbali wa nyota na nyota. Rubani wake akipigwa amekwisha, na akiachwa na meli kubwa hana pa kwenda. Ya Vader ina vyote viwili. Ndiyo maana pale mwishoni, kwenye lile handaki la Death Star, ngome ya Dola inayoelea angani, anatoka mwenyewe na wasindikizaji wawili pembeni. Mmoja analipuliwa na Han Solo, rafiki yake Luke, anayeibuka ghafla, wa pili anababaika na kuigonga ndege ya bosi wake. Msindikizaji anakwenda kujipasua ukutani, Vader anarushwa nje akibiringika, na anapona. Mpwa wangu alirudisha hapo mara nyingi. Akaniambia anaitaka ndege hiyo ining'inie juu ya kitanda chake.

Sikuwa na vipimo vya kuaminika, na vinavyozagaa mtandaoni vinapingana. Kwa hiyo nilianza na mpira, kila kingine kikaufuata. Mpira wenyewe ni boya la tanki la maji, lile linalofunga bomba tanki likijaa. Kwa mji wenye matanki kila nyumba kama wetu, boya halikosekani duka lolote la vifaa vya maji. Zuri lake ni kwamba ni la duara kamili, ni jepesi, na nyuma lina tundu lenye nyuzi za kufungia fimbo yake. Nilisimamisha picha kwenye simu ndege ikiwa imeonekana kwa mbele, nikahesabu kwa rula: mabawa yanauzidi mpira kwa kimo mara mbili na ushee. Basi, nikakata kwa hesabu hiyo.

Sasa mkunjo. Watu wengi niliowaona wakiitengeneza hukata vipande vitatu wakavigundisha. Inawezekana, lakini kiungo kinaonekana, na siku mtoto akiidondosha kitaachia. Sisi wa mabango tuna njia yetu. Alukobondi ni ngozi mbili nyembamba za alumini zilizobana plastiki katikati. Ukitaka likunje kona ya boksi la bango, unaligeuza mgongo juu, unapitisha ruta, mashine ya kuchimbia mifereji, yenye kisu cha umbo la V, unachimba mfereji unaokula ngozi ya nyuma na plastiki karibu yote, unaacha ngozi ya mbele na utando mwembamba wa plastiki. Baada ya hapo unakunja kwa mikono na kona inatoka kali, bila kiungo, bila doa.

Huo utando usiudharau. Kisu kikigusa alumini ya mbele, hata mkwaruzo usiouona, bamba litapasuka hapohapo unapokunja. Mimi hupima kina cha kisu kwenye kipande cha taka kwanza, nakikunja, natazama upande wa nje dhidi ya jua. Ukiona mstari mweupe umejitokeza, punguza kina. Jambo la pili: unakunja mara moja tu. Alumini ukiikunja, ukaikunjua, ukaikunja tena, inachoka na kukatika. Unaamua pembe kabla mikono haijaanza kazi.

Hapo ndipo ndege ya Vader inatofautiana na bango. Kisu changu ni cha nyuzi 90, kimetengenezwa kwa kona za mraba, na mabawa haya hayakunjwi kiasi hicho. Ukiishia katikati, mfereji unabaki umefunguka kwa ndani, na bawa linalegea kama mlango usio na kitasa. Nilichora mkunjo kutoka kwenye picha, nikakata kabari ya kadibodi ngumu yenye pembe ileile, nikaiweka ndani ya kona kabla ya kukunja. Bamba likaigusa kabari, likasimama. Nikajaza mfereji kwa gundi ya tyubu mbili, ile unayochanganya mwenyewe, nikaufunga kwa mkanda wa karatasi na kuacha usiku mzima. Mikunjo yote minne ilipita kwenye kabari hiyohiyo moja, ndiyo maana mabawa yanafanana. Asubuhi nilipotoa kabari bawa liligongeka kama sahani ya bati.

Nailoni ya kukinga, ile inayokuja imebandikwa juu ya alukobondi, usiibandue mpaka siku ya rangi. Mabamba hayo yalikaa benchini wiki nzima yakiwekewa vikombe vya chai juu yake.

Jirani yetu, bibi wa Kigogo ambaye kila asubuhi hupita akisema "Mbukwenyi" na kukaa kidogo, aliyaangalia yakiwa yameegemezwa mlangoni, akauliza dishi hilo linakamata stesheni gani. Nilimwambia ni ndege ya mtu mmoja mbaya sana. Akauliza mbaya wa wapi. Nikasema wa mbali, bibi. Akaridhika.

Kuunganisha mabawa na boya ndiko kulikohitaji akili, kwa kuwa boya ni la plastiki laini ambayo gundi haishiki. Hata supaglu inabanduka. Suluhisho ni kutotegemea gundi kabisa. Nilitoboa boya pande mbili zinazotazamana, nikapitisha bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20, kutoka bawa hadi bawa. Bomba moja lililonyooka maana yake mabawa yako kwenye mstari mmoja bila kupima zaidi, na nyaya za taa zinapita humohumo. Nikalivika vipande vya bodi vilivyopanuka kuelekea bawa, kwa sababu mikono ya ndege hii ni minene kuliko ya TIE ya kawaida. Sehemu ya nyuma, ule mgongo mrefu unaoitofautisha na TIE zenye mpira mtupu, nilikata kwa bodi ya plastiki tunayokatia herufi, nikaifunga kwa boliti kwenye lile tundu la nyuma ya boya. Kama vile liliwekwa kwa kazi hiyo.

Vidude vidogo vya juu ya mgongo vilitoka kwa fundi simu wa jirani: gia za printa mbovu, vipoza joto vya saketi, vipande vya chaja. Hii si njia ya umaskini. Kampuni ya Industrial Light & Magic, ambayo George Lucas aliianzisha mwaka 1975 kwa ajili ya filamu hiyohiyo, mafundi wake walinunua maboksi ya vifaru na meli za plastiki za kuunganisha, wakayavunja na kubandika vipande kwenye ndege zao. Macho yanaona vitu vingi vidogo, yanaamini kitu ni kikubwa. Tofauti ni kwamba wao vipande vyao vilitoka dukani vikiwa vipya.

Rangi ni kijivu cheupe. Nilimweleza mpwa wangu kwa nini siyo buluu kama alivyotaka: filamu ilipigwa mbele ya pazia la buluu ambalo baadaye lilifutwa na kuwekewa nyota, na ndege ya buluu ingefutika nalo. Boya nililipiga msasa namba 400, nikaliosha kwa sabuni, nikapiga praima ya bampa niliyoomba kwa mpaka rangi wa magari. Bila hiyo rangi inabanduka kwa ukucha.

Adui wa rangi Dodoma ni vumbi. Miezi ya Julai na Agosti upepo ukianza saa nne asubuhi huwezi kupaka kitu nje, kitakauka kikiwa na ngozi ya msasa. Nilipulizia bafuni, alfajiri, sakafu nimeimwagia maji ili vumbi lilale. Dada hakufurahi. Sikuichafua kwa makusudi kama wanavyofanya wengi, moshi na mafuta kila mahali. Kamanda wa aina ile hapandi chombo kichafu, kuna watu wamewekwa kukiosha.

Sehemu nyeusi za mabawa, ambazo kwenye hadithi ndizo zinazovuna mwanga wa jua, nilibandika stika ya kaboni, ile ya bodaboda. Kwa karibu haifanani sana, kwa mbali inakamata mwanga vizuri. Dirisha la mbele, duara dogo lenye miale minane, nalo ni stika. Stika moja nzima juu ya tufe itajikunja tu, kwa hiyo nilikata vipande vinane nikaacha kijivu kionekane katikati yao, nikavilaza kwa hita kimoja kimoja.

Nyuma kuna injini mbili. Jina TIE lenyewe limetoka hapo, injini pacha za ioni. Injini za ioni zipo kweli: chombo cha Dawn cha NASA, kilichorushwa mwaka 2007, kilifika Vesta na baadaye Ceres kwa injini za aina hiyo, kikitumia gesi ya zenoni. Ila msukumo wake haukufika hata milinewtoni 100. Vader angekuwa bado anatoka gereji hadi leo. Niliweka LED mbili nyekundu, kila moja na rezista ya omu 150, zinakula kutoka chaja ya kawaida ya simu ya volti 5.

Kuitundika ilileta mabishano. Dari la chumba ni jipsamu, na jipsamu haibebi kitu kinachoyumba. Mabawa mawili peke yake yalikaribia kilo moja. Nilipanda darini nikafunga mishipi ya kuvulia kwenye kenchi, nikaishusha kupitia matundu madogo. Mishipi mitatu, siyo miwili. Kwa miwili upepo wa dirishani unaizungusha usiku kucha, kwa mitatu inatulia, na unaweza kuilaza upande unaotaka. Nikailaza ubavu, pua imeinuka, bawa moja chini, kama alivyorushwa pale handakini.

"Mjomba, inaanguka."

"Imegongwa."

"Mi nataka kabla haijagongwa."

Tukajadiliana. Nilimkumbusha kwamba sauti ya ndege hizi Ben Burtt, fundi sauti wa filamu hiyo, aliipata kwa kuchanganya mlio wa tembo na gari linalopita kwenye lami yenye maji, na kwamba tembo halii hivyo akiwa anatembea kwa utulivu. Hoja dhaifu, najua, lakini ilimnyamazisha kidogo. Tukaishia katikati: imelala, ila pua inatazama mbele, kwa hiyo yeye anasema inakata kona na mimi nasema imegongwa.

Dada naye ana masharti yake. Saa tatu usiku taa za injini zinazimwa, umeme wa LUKU ni wa kununua. Nimemkokotolea kwamba LED mbili hazimalizi hata uniti moja kwa mwezi. Hajakubali, na swichi ipo upande wake wa mlango.